Gitaa Linalojua Kusubirisha

Mpiga gitaa mwenye bidii anaweza kuinakili solo ya mpiga gitaa wa blues B.B. King noti kwa noti. Noti zote zitakuwepo, kwa mpangilio uleule, hata gitaa lenyewe likawa Gibson kama la marehemu. Wasikilizaji watapiga makofi ya adabu, kisha warudie mazungumzo yao. Kimepotea nini?

Wengi watajibu kwamba kimepotea moyo. Mwandishi Mrusi Leo Tolstoy, mwishoni mwa karne ya 19, alilijengea jibu hilo nadharia: msanii huhisi jambo, kisha huwaambukiza wengine hisia ileile kupitia kazi yake. Nadharia hiyo inapendeza hadi uifikishe ukumbini. Mpiga gitaa wa Kongo, Franco Luambo Makiadi, alikuwa na bendi ya OK Jazz tangu 1956 hadi alipofariki mwaka 1989, akipigia watu waliolipa kiingilio ili wacheze. Ni vigumu kuamini kwamba kila sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa huongoza dansi, ilichimbuka kwenye huzuni au furaha mpya. Usiku mwingine huenda aliwaza mishahara ya wanamuziki wake tu, na bado watu waliinuka vitini.

Mwaka huohuo wa 1956, Mmarekani Leonard Meyer alichapisha kitabu chenye maelezo mengine: hisia huzuka pale sikio linapotarajia jambo, nalo likacheleweshwa au likaja kwa njia isiyotazamiwa. Hapo ndipo King alipokuwa fundi. Kwa kuwa hakuweza kutelezesha chuma juu ya nyuzi kama binamu yake Bukka White, alijifunza kuutikisa uzi kwa kidole. Aliuvuta pia, noti ikapanda polepole kama mtu anayetafuta neno. Alipoimba, gitaa lilinyamaza likingoja zamu yake. Mwigaji huchukua noti na kuacha yaliyo katikati yake, na sehemu kubwa ya utamu imo humo.

Lakini kupiga noti nyingi kwa kasi si kosa lenyewe. “Masanga” ya Jean Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, imejaa noti, na Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada tu. Lakini gumba linashika besi kwa utulivu wakati kidole cha pili kinacheza juu, na sikio halipotezi njia hata dakika moja. Anayemwaga noti mfululizo bila kumwachia msikilizaji kitu cha kutazamia hustaajabisha kwa vidole vyake tu.

Franco, hata hivyo, anaonekana kumpinga Meyer. Sebene hurudia kipande kifupi mara nyingi. Mshangao uko wapi? Uko kwenye kurudia kwenyewe. Baada ya mzunguko wa kumi, sikio limenolewa kiasi kwamba noti moja ikisogea kidogo, ukumbi mzima unaisikia.

Ila sikio hilo halizaliwi likiwa limenolewa, na Meyer mwenyewe alisema matarajio hufunzwa na mazoea. Wapenzi wa rumba wa Dar es Salaam na Nairobi, wengi wao wasiojua Kilingala, walisisimuliwa na gitaa la Franco kwa sababu redio na kumbi za dansi zilikwisha kuwafundisha mahali pa kuingojea sebene. Asiyekulia humo anaweza kumsikia Franco yuleyule, siku hiyohiyo, akaona anajirudia tu. Basi mpigaji anayesemwa kuwa hagusi huenda hajakutana bado na wasikilizaji wake. Wengine, ni kweli, hawatakutana nao kamwe.