Kaa Mbele, Funga Mlango

Kaka yangu aliponunua Toyota IST iliyotumika, gari lilikuja na redio inayozungumza Kijapani. Kila ukiwasha, dada mmoja mwenye sauti ya upole anakusalimia, au labda anakuonya, hatukupata kujua. Lakini kero kubwa ilikuwa stesheni. Redio nyingi za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76 mpaka 90, na hapa Dar es Salaam stesheni nyingi ziko juu ya 90. Unaendesha gari lako mwenyewe katika jiji lako mwenyewe, na sehemu kubwa ya jiji huisikii.

Nadhani nusu ya watu ninaowafahamu wenye ugonjwa wa muziki wa gari walianzia hapo. Hawakuwa wakitafuta besi. Walitaka taarifa ya habari na mpira, wakaenda kwa fundi kubadilisha redio, na kwa fundi ndiko yalikowakuta.

Mimi nilimsindikiza tu kaka. Tulikwenda Ilala kwa fundi mmoja ambaye gari lake mwenyewe lilikuwa chakavu kwa nje, rangi imebabuka, taa moja imefungwa kwa gundi. Kaka alipokuwa akibishana bei na kijana wake, fundi aliniangalia nilivyosimama juani akasema, "Dada, wewe kaa mbele. Funga mlango." Hakuniuliza napenda muziki gani. Akaweka wimbo wa zamani wa dansi, mmoja kati ya zile ambazo mama yangu alikuwa akizisikiliza jikoni kwenye karedio kake ka betri, Jumapili mchana, huku akichambua mchele.

Wimbo ule niliujua wote. Nilijua mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Lakini ndani ya gari lile, kuanzia ubeti wa kwanza, kulikuwa na mtu mwingine anayepiga gitaa la besi, anatembea chini ya wimbo taratibu, anajibu maneno ya mwimbaji, mara anatangulia, mara anasubiri. Spika ndogo ya redio ya jikoni haina uwezo wa kutoa sauti nzito namna ile. Kwa hiyo mtu huyo alikuwepo utoto wangu wote, kila Jumapili, na mimi sikuwahi kumsikia. Mama naye hakuwahi kumsikia. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba alikuwa akipita mbele ya mzee bila kumwamkia.

Ni hapo niliponasa. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama nilichagua.

Mwanafalsafa wa Marekani, Agnes Callard, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu kutamani kuwa mtu mwingine, anauliza mtu anawezaje kuchagua kupenda kitu ambacho bado hajajua thamani yake. Anatoa mfano wa mwanafunzi anayejiandikisha kwenye darasa la kuusikiliza muziki wa klasiki: sababu zake za kujiandikisha haziwezi kuwa kamili, kwa maana sababu kamili ziko upande wa pili, baada ya kujifunza. Mfano mzuri, lakini mwanafunzi yule angalau alijiandikisha. Mimi nilifunguliwa mlango. Na nikiwasikiliza wenzangu, wote wana mlango wao: mjomba mwenye Corolla, rafiki wa shule, dereva wa daladala aliyempa mtoto kiti cha mbele. Hata historia yenyewe inaanzia hivyo. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago alifunga redio kwenye gari lake akaliendesha mpaka Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na banda la maonyesho. Aliegesha nje, akafungulia sauti, watu wakaja. Redio ile iliitwa Motorola.

Basi kaka alitaka redio tu. Aliyedai amplifaya na sabufa ni mimi, na aliyechangia ni mimi pia, kwa fedha ambazo mama alinitumia kwa ajili ya kuchapa na kujalidi tasnifu. Mpaka leo hajui. Nilijiambia nitazirudisha, na bado najiambia.

Shida ya mchezo huu ni hesabu zake. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haliishangilii. Ili usikie sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati kama mara 10. Mia inakuwa elfu. Na elfu moja kwenye umeme wa gari wa volti 12 ni zaidi ya ampea 80, ndiyo maana besi ikigonga taa za mbele zinafifia. Kila hatua ya pili ni ghali kuliko ya kwanza na inakupa furaha ndogo zaidi. Yule mpiga besi nilishamsikia siku ya kwanza. Hata hivyo niliendelea kununua.

Tunapanga Sinza, vyumba vinavyotazamana uwanja mmoja. Kaka anabeba abiria wiki nzima. Jumapili gari linapumzika, nami nakaa ndani na ufunguo. Jumapili ya tatu jirani yetu muuguzi aligonga kioo. Nilimwamkia. Alikuwa amejifunga khanga, macho mekundu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku.

"Mdogo wangu," akasema, "hivi ule ni wimbo gani? Mimi kule ndani nasikia du, du, du tu. Nimelala nautafuta, siupati."

Hakuwa ananisema. Alikuwa anauliza kweli. Nami nilijua jibu la kifizikia: wimbi la sauti ya hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na gari letu lote ni karibu mita 4. Ukuta wa tofali unazuia sauti nyembamba, maneno na magitaa, lakini besi unaiachia ipite. Kilichomfikia kitandani ni kile kile ambacho redio ya jikoni ilininyima mimi. Yeye alipata mpiga besi bila wimbo.

Kant aliliona hili mwaka 1790. Aliulalamikia muziki kwamba hauna ustaarabu, unakwenda kwa majirani wasiouomba, akaufananisha na mtu anayetoa mfukoni kitambaa chenye manukato: kila aliye karibu atanusa, atake asitake. Picha unaweza kugeuza macho. Zamani nilicheka niliposoma, nikamwona mzee mwenye gubu. Kant hakupata kupanga Sinza, lakini huyu muuguzi angemwelewa.

Nikafanya nilichofanyiwa. "Karibu dada, kaa mbele. Funga mlango." Nikaurudia wimbo tangu mwanzo. Alisikiliza wote, mikono magotini, na katikati nikamwona anatikisa kichwa kidogo. Nilisubiri uso wake ubadilike kama wangu ulivyobadilika kule Ilala.

"Ni mzuri," akasema ulipoisha. "Lakini mimi nilitaka kulala."

Akashuka, akaufunga mlango polepole, kwa adabu iliyoniuma kuliko kama angeubamiza. Nilikuwa nimempa mwaliko baada ya kuwa nimeshaingia kwake bila hodi, nikitegemea kwamba akipenda, basi kosa litafutika. Hata angeupenda mpaka akanunua sabufa yake, usingizi aliokosa asubuhi ile ungebaki umekosekana.

Wiki iliyofuata sikuwasha. Jumapili ya baada yake nilikuwa nafuta vumbi kwenye dashibodi mwanawe, kijana wa miaka kama 12, alipokuja na kusimama karibu na mlango.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Amelala." Akatazama spika. "Mama alisema humo ndani kuna wimbo mzuri. Na mimi naweza kuusikia?"

Ningeweza kuuweka kwa sauti ya chini na kuizima besi. Lakini hapo ningemsikilizisha redio ya jikoni, na wimbo huo hata kwenye simu angeupata. Nilimuuliza mama yake huamka saa ngapi. Akasema saa kumi. Ilikuwa saa nane na nusu. Nikamfungulia mlango wa mbele, tukateremsha vioo kwa sababu ya joto, tukakaa tunasubiri.