Aibu ya Trekta Kuukuu

Mahindi ya Handeni hutegemea mvua, na mvua haimsubiri fundi. Mkulima anayenunua trekta kuukuu kabla ya masika, awe wa Mkata, Kabuku au Korogwe, mara nyingi ana majirani waliokwisha kuahidiwa kulimiwa. Trekta likifa shambani, msimu wao nao umekwenda.

Muuzaji anajua ringi za pistoni zimekwisha. Ametia oili nzito ili moshi wa buluu upungue, akalipaka rangi nyekundu upya. Mnunuzi hakuuliza. Je, aliyenyamaza amedhulumu?

Swali hili ni la kale. Cicero wa Roma alilijadili mwaka 44 KK, akiwapambanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba kutosema si kuficha, na kwamba muuzaji hawajibiki kueleza kila anachokijua. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa: binadamu wana udugu, na kumwacha mwenzio apotee huku unaijua njia ni kuuvunja udugu huo. Cicero alimuunga mkono Antipater. Alifanya vyema.

Hata hivyo, Diogenes hakukosea yote. Massey Ferguson 135 zilianza kutengenezwa mwaka 1964. Anayeinunua leo hawezi kulalamika kwamba ni kuukuu, wala kwamba matairi yamelika, kwa kuwa hayo anayaona. Thomas Akwino, katika karne ya 13, alitoa mfano wa farasi mwenye jicho moja: kasoro iliyo wazi haimlazimu muuzaji kuitangaza, maadamu bei imeshuka ipasavyo. Iliyofichika lazima isemwe.

Waislamu wana hadithi iliyo karibu zaidi na mkulima. Mtume alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Oili nzito na rangi mpya ni lile tabaka kavu la juu.

Wengine hujikinga kwa kusema, "Naliuza kama lilivyo." Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, haiwapi kinga hiyo. Sharti la namna hiyo humwondolea muuzaji dhamana ya kasoro ya ndani ya mnyama tu, tena ambayo mwenyewe hakuijua. Ng'ombe huweza kuwa na ugonjwa usioonekana na yeyote. Giaboksi hufunguliwa na fundi.

Vipi dalali aliyelipata trekta jana na kweli hajui kitu? Hana dhambi ya kuficha, lakini kwa fikihi hiyohiyo mnunuzi bado ana haki ya kurudisha, mradi kasoro ilikuwepo kabla ya kukabidhiwa. Haki hiyo haimngojei. Gia ikianza kuchomoka, anatakiwa asimamishe trekta na kumwita muuzaji mara moja. Akishajua kasoro kisha akaendelea kulimia majirani, haki ya kurudisha inampotea, hata kama masika yameanza.