Je, Ni Haki Kumlegezea Mmoja Masharti?



Yeyote aliyewahi kukesha na jino bovu hapa Ziwani anajua jinsi usiku unavyoweza kuwa mrefu. Kunapokucha hufunga kitambaa shavuni, hutafuta usafiri wa kwenda Mtwara mjini, na akifika Hospitali ya Ligula hukaa kitini, hupanua kinywa, na kumwachia mtu asiyemjua taya lake. Saa hiyo haulizi daktari ametoka ukoo gani wala alilelewa na nani. Ataka jambo moja tu, kwamba aliyeshika koleo awe anaijua kazi yake.

Tumeanza na jino kwa sababu mwaka huu tumeletewa swali linalohusu meno. Mama mmoja wa huku kwetu ana binti aliyemaliza kidato cha sita na kutamani kuwa daktari wa meno. Alama zake si mbaya, ila wapo wengi waliompita. Mama akauliza: mtoto aliyesoma kwa kibatari, huku akimsaidia mama yake kukaanga samaki wa kuuza, je, si haki chuo kimfikirie?

Swali hili huwagawa watu. Wengine husema mtihani ni mmoja, maswali ni yale yale na saa ni zile zile. Aliyepata zaidi apewe nafasi. Wengine husema aliyeteseka ahurumiwe. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Tuanze na hao wa mtihani mmoja. Ni kweli karatasi ya Kemia ni moja nchi nzima. Lakini yupo aliyejifunza Kemia katika maabara, na yupo aliyechorewa chupa za maabara ubaoni. Wakipata alama zilizokaribiana, huyu wa pili ametembea mwendo mrefu zaidi. Kuutazama mwendo huo ni kumpima vizuri, wala si upendeleo. Huko Uingereza vyuo kadhaa vya udaktari wa meno hufanya hivyo: mwombaji aliyesoma katika shule duni, au aliyelelewa chini ya uangalizi wa serikali, huweza kupokelewa kwa alama zilizopungua kidogo.

Nasi hapa nchini tuna fundisho letu wenyewe. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba mtu asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na wale anaofanya nao kazi wamshuhudie tabia yake. Nia ilikuwa njema, kwa maana wafanyakazi watu wazima walifunguliwa mlango. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Lakini wanawake waliojiunga wakapungua sana, kwa kuwa katika miaka ile ya kungoja wengi waliolewa na kuanza kulea. Hata ilipofika mwaka 1976 ikabidi wanawake wasamehewe sharti hilo. Hapo tulijifunza kwamba sharti moja kwa wote laweza kumwelemea mmoja kuliko mwenzake, na kwamba wakubwa hawapungukiwi heshima wakilitazama tena.

Sasa tuwageukie wenye huruma. Ndugu zetu, huruma nayo ina mahali pake. Yule mwenye shamba la mizabibu aliwalipa wote sawasawa kwa sababu fedha ilikuwa yake. Nafasi ya kusomea udaktari si mali ya anayeigawa. Ni ya mgonjwa asiyejulikana bado, ambaye miaka kumi ijayo atapanua kinywa chake. Kwa hiyo mlangoni twaweza kulegeza kidogo, lakini siku ya mtihani wa mwisho tusilegeze hata kidogo. Taya la mgonjwa halijui kwamba daktari alikuwa yatima.

Na kati ya mlango wa kuingia na ule wa kutoka kuna wajibu ambao husahauliwa mara nyingi. Anayempokea mwanafunzi mwenye upungufu kisha akamwacha ahangaike peke yake hakumhurumia, amemtega. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha njia iliyo bora: wasichana waliopungukiwa kidogo katika masomo ya sayansi waliitwa, wakafundishwa kwa majuma kadhaa, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakapokelewa. Huruma ya namna hiyo ina kazi ndani yake.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo latuhusu sisi wenyewe.

Yule mama hakuja kuuliza swali tu. Alikuja kuomba barua ya kumtafutia binti msaada. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Niandikie kwamba mtoto ni yatima." Baba wa mtoto yu hai, aliondoka tu, akawaacha.

Tulimfahamu huyu mama. Yapata miaka ishirini na mitano iliyopita, tulipokuwa tukipokea wanachuo katika chuo kimoja cha ualimu, alifika akiwa amechelewa siku kadhaa kupita muda uliowekwa. Alishika bahasha. Tulimwambia nafasi imekwisha kupewa mwingine, sheria ni sheria, arudi nyumbani. Bahasha hatukuifungua. Baadaye sana tulisikia kwamba alikuwa akimuuguza mama yake hospitalini, hata akamzika. Pengine tungeisoma barua ile na bado nafasi isingepatikana. Lakini hatukuisoma.

Basi mtaona jinsi tulivyobanwa. Tulikuwa na deni kwake, naye alitaka tulilipe kwa uongo. Tulikaa siku mbili bila kuandika neno. Mwishowe tulimwita tukamwambia, "Mama, hatuwezi kumzika mtu aliye hai. Kila barua ya uongo humfanya msomaji aitilie shaka barua ya kweli itakayofuata, na hiyo itakuwa ya yatima wa haki." Hakufurahi. Tukaandika yaliyopo: baba aliondoka, mama hukaanga samaki, binti alisoma kwa kibatari, na alama zake ni hizi. Tena tukamweleza binti kwamba ipo njia ndefu: asome stashahada ya tiba ya meno, na akifaulu vizuri anaweza kuomba shahada, kama ile inayotolewa Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979.

Hatujui kama deni letu limelipika. Ila twawasihi ninyi mnaoandika barua, walimu, wenyeviti wa vijiji na wazee wa kanisa, andikeni kweli, na shida isiongezwe chumvi. Nanyi mnaozipokea barua, hata nafasi zikiwa zimekwisha, zifungueni mkazisome kabla hamjasema hapana.