Azimio na Mazoea: Kwa Nini Nia Njema Hushindwa

Kuacha tabia mbaya huamuliwa na wengi na kutimizwa na wachache. Mwaka mpya, mwezi wa Ramadhani na Jumatano ya Majivu huja na ahadi za kuacha pombe, sigara, kamari au ulimi mchafu. Wiki chache baadaye ahadi nyingi huwa zimevunjika, ingawa mwenye kuzivunja bado anajua kwamba tabia ile inamdhuru. Ndipo linapozuka swali la kale: mtu anayelijua jema huwezaje kutenda kinyume chake?

Sokrates alishikilia kwamba hakuna atendaye ubaya kwa kujua. Akosaye amekosa elimu. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, hakuridhika na jibu hilo. Kwake, ujuzi unaweza kuwamo ndani ya mtu na usifanye kazi wakati tamaa imepanda. Dawa yake ni kutenda jema tena na tena mpaka nafsi ilizoee. Agostino, aliyeongoka mjini Milano mwaka 386, alieleza jinsi tamaa inayoridhishwa kila mara inavyogeuka kuwa lazima, hadi mtu anakuwa mfungwa wa hiari yake mwenyewe. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiona tabia kuwa hali iliyokita nafsini, ambayo matendo hutoka humo bila kufikiriwa. Ndiyo maana alisisitiza mazoezi ya kuipinga nafsi kwa vitendo.

Kinama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura unaopakana na Kamenge, unaonyesha ugumu wenyewe ulipo. Fundi mwashi aliyelipwa Jumamosi jioni hupita kwenye kabare, yaani kilabu cha pombe, akielekea nyumbani. Wenzake wamekwisha kuagiza bia ya Primus, chupa ya sentilita 72. Anaitwa kwa jina, anavutiwa kiti. Nchini Burundi pombe hukamilisha mazungumzo ya mahari, hupokea mgeni na hupatanisha waliogombana. Impeke, pombe ya mtama, hunywewa kwa mirija katika chungu kimoja. Kukataa kunywa huonekana kama kuwakataa watu. Asubuhi, msikitini au kanisani, fundi huyo aliazimia kuiacha chupa. Jioni anayemshawishi ni rafiki, na kwa rafiki hakujiandaa.

Dini hazikuiacha nia ipigane peke yake. Katika Uislamu, toba ina masharti: kuacha tendo, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kurudisha haki ya mtu ikiwa imeguswa. Katazo la pombe lenyewe lilishuka kwa hatua: kwanza yalielezwa madhara yake, kisha ikakatazwa kusali katika ulevi, hatimaye ikaharamishwa kabisa. Wakatoliki wana majuto, maungamo na malipizi, na siku 40 za Kwaresima ambazo jumuiya nzima hufunga pamoja.

Mfano wa karibu zaidi ni Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililoanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka waliungama mbele ya wenzao, walirudisha vilivyoibwa na kuacha pombe. Kisha walikutana mara kwa mara kuimba, kuomba na kuulizana hali bila kufichana. Aliyepoteza wenzake wa chungu alipata ndugu wa sala. Katika muongo huohuo, mwaka 1935, kikundi cha Alcoholics Anonymous kilianza Akron, Marekani, kikifuata njia inayofanana na hiyo: mlevi husaidiwa na mlevi mwenzake aliyeacha.

Kuna suala ambalo wataalamu hawakuafikiana: je, kuteleza mara moja huharibu kila kitu? Mwanafalsafa William James, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alishauri kwamba tabia mpya isipewe nafasi ya kuvunjwa hata mara moja kabla haijakita mizizi. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Ilichukua wastani wa siku 66 tendo kuzoeleka, huku tofauti ikiwa kuanzia siku 18 hadi 254, na kukosa mara moja hakukuvuruga safari. Mafundisho ya toba yanaelekea upande huo, kwa kuwa aliyeanguka huambiwa arudi. Lakini yanaweka mpaka: anayeomba msamaha huku akipanga kurudia hajatubu.

Wanaotegemea neema na wanaotegemea mazoezi hutofautiana kuhusu nguvu ya kubadilika inatoka wapi. Katika utekelezaji njia zao hukutana: azimio linalodumu hutaja tendo, saa, mahali na shahidi. Fundi wa Kinama anahitaji njia nyingine ya kurudia nyumbani Jumamosi, fedha iliyokwisha kukabidhiwa nyumbani au kwenye kikundi cha akiba, na mahali pa kukaa na watu jioni. Hilo la mwisho hawezi kulitimiza peke yake. Wanaomtakia mema wamwite barazani na wampokee kwa chai au Fanta bila kumcheka, kwa maana mtu haachi tabia akiwa amebaki bila wenzake.