Je, Anasomea Kutetea Wezi?

Kijana mmoja wa Njombe aliposema anakwenda Chuo Kikuu kusomea sheria za jinai, mzee mwenzangu alimcheka: "Unakwenda kujifunza kutetea wezi!"

Nami nilikumbuka siku moja pale Makambako. Watu walipiga kelele, "Mwizi!", wakaokota mawe. Hakuna aliyeuliza ameiba nini. Mimi, mwalimu wa miaka mingi, nilinyamaza.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Nikodemo naye alidai mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Basi kijana na aende. Nasi tuliobaki nyumbani tujifunze somo lake la kwanza: kuuliza kabla ya kupiga.