Ngumi Iliyofutwa: Maadili ya Kitendo Kinachotendwa Mchezoni

Iwapo kitendo kiovu hubaki kuwa kiovu kinapotendwa ndani ya mchezo, ambamo hakuna mtu wa kweli anayepigwa wala kuumizwa, ni swali ambalo mizizi yake iko katika mijadala ya kale ya wanafalsafa na wanazuoni wa dini, nalo lilipata uzito mpya mwishoni mwa karne ya 20 michezo ya video ilipoanza kuiga michezo halisi kwa usahihi uliozidi mwaka hadi mwaka. Mfano unaostahili kuchunguzwa ni NHL '94, mchezo wa video wa hoki ya barafuni uliotolewa na kampuni ya Electronic Arts mwaka 1993. Katika mchezo huo, kitendo kimoja kilichokuwamo katika toleo lililotangulia, yaani kupigana ngumi, kilifutwa kwa matakwa ya ligi ambayo wachezaji wake wa kweli waliendelea kupigana ngumi usiku baada ya usiku mbele ya maelfu ya watazamaji waliolipa kiingilio.

Hoki ya barafuni huchezwa na wachezaji 6 kila upande, kipa akiwa mmoja wao, wakiteleza kwa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli na kugombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo marefu. Kumpiga kikumbo mpinzani mwenye kisahani ni halali na ni sehemu ya ustadi wa mchezo. Kupigana ngumi si halali, lakini katika NHL, ambayo ni ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada, adhabu yake ni ya namna ya pekee, kwa kuwa mpiganaji hatolewi uwanjani moja kwa moja kama mwanasoka aliyeonyeshwa kadi nyekundu, bali hukalishwa dakika 5 katika kibanda cha adhabu kilicho kando ya barafu, kisha hurudi kuendelea na mchezo. Kwa miongo mingi timu ziliajiri wababe, yaani wachezaji ambao kazi yao kubwa ilikuwa kupigana kwa niaba ya wenzao wenye vipaji vya kufunga mabao, na mashabiki waliwapenda kwa kazi hiyo. Jambo lililokatazwa na papo hapo likatengewa nafasi na bei ndani ya kanuni lina hadhi ya kutatanisha kimaadili, na utata huo ndio waliourithi watengenezaji wa michezo ya video.

Mfululizo wenyewe ulianza mwaka 1991 kwa mchezo uliotengenezwa na Park Place Productions kwa ajili ya mashine ya Sega iliyoitwa Genesis nchini Marekani na Mega Drive katika nchi nyingi nyingine. Toleo la pili, NHLPA Hockey '93, lilipata leseni ya chama cha wachezaji pasipo ile ya ligi, na kwa sababu hiyo lilikuwa na majina halisi ya wachezaji bila majina wala nembo za klabu zao. Ndani yake ngumi zilipigwa, na mchezaji aliyekumbwa vibaya aliweza kubaki amelala huku damu ikitoka kichwani na kutandaa juu ya barafu nyeupe. Wachapishaji walipotafuta leseni ya ligi na ya chama kwa pamoja kwa ajili ya toleo la 1993, ligi haikutaka ngumi wala damu, na timu iliyokuwa chini ya mtayarishaji Michael Brook ikaviondoa vyote viwili. Nguvu zake ikazielekeza kwingine: kwenye shuti la mguso mmoja, ambapo pasi hugeuzwa kuwa shuti kabla kisahani hakijatulia, kwenye uwezo wa mchezaji kumwongoza kipa kwa mikono yake mwenyewe, na kwenye muziki wa kinanda uliofuatisha ule unaopigwa katika kumbi halisi za hoki. Hayo yote yalikamilika kabla ya Desemba 1993, Seneti ya Marekani ilipofanya kikao mashuhuri kuhusu ukatili katika michezo ya video, kwa hiyo hofu ya wanasiasa haiwezi kutajwa kuwa chanzo cha uamuzi huo.

Mapokezi yake yana mafunzo kwa mwanafalsafa kuliko yanavyodhaniwa. Kwa upande mmoja, NHL '94 ilisifiwa sana, na hadi leo hutajwa miongoni mwa michezo bora ya video ya spoti iliyowahi kutengenezwa. Wapenzi wake bado huandaa mashindano, na mwaka 2020 kampuni iliutoa upya ukiwa na wachezaji wa kizazi kipya. Kwa upande mwingine, manung'uniko juu ya ngumi zilizofutwa yalifika hadi kwenye sinema. Filamu ya Swingers ya mwaka 1996 ina sehemu ambamo vijana wanaocheza hoki ya Sega wanasikitikia kuondolewa kwa mapigano, na mmoja wao anafanya kila juhudi kumtoa damu kichwani nyota wa hoki Wayne Gretzky wa kwenye skrini. Mapigano yalirejeshwa katika toleo la NHL 96. Hata hivyo, mchezo ambao watu wameushikilia kwa mapenzi kwa zaidi ya miaka 30 ni ule usio na ngumi, jambo linaloonyesha kwamba utamu wake ulitoka kwenye kasi, pasi na hila za kumzunguka kipa, na kwamba waliodai kuwa hoki bila ukatili haina ladha hawakuwa wameifahamu ladha yenyewe waliyoipenda.

Hoja nyepesi kuliko zote katika suala hili ni ile inayosema kwamba mahali pasipo mwathirika hapana kosa. Mwanasesere wa nukta za mwanga haumii, hana mama wa kumlilia, na akianguka husimama tena mashine inapowashwa upya, hivyo, kwa hoja hii, kumpiga ni sawa na kutompiga. Hoja hii ina nguvu dhidi ya wanaolia na mchezo wa video huku wakishangilia ngumi za kweli, lakini inapuuza kwamba kila tendo lina mtendaji na mara nyingi lina mtazamaji, na kwamba hao wawili wanaweza kuumia hata pale ambapo mtendewa hayupo. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo habari za rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenzake hadi kwenye mapigano ya wapiganaji wa upanga mjini Rumi akiwa ameapa kuyafumba macho yake, akayafumbua aliposikia mngurumo wa umati, na tangu dakika hiyo akawa mateka wa alichokiona. Alipio hakumgusa mtu. Jeraha la moyo wake lilitokana na kile alichokubali kukifurahia. Aristotle naye alifundisha kwamba tabia hujengwa kwa kurudiarudia matendo, na ni vigumu kuamini kwamba furaha iliyorudiwa mara elfu kwa kubonyeza vidole haiachi alama yoyote katika nafsi ya anayebonyeza.

Haifai, hata hivyo, kuruka kutoka hapo hadi kuhukumu kila mchezo wenye sura ya vita. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa karne ya 11 na ya 12, alipojadili burudani katika kitabu chake cha Ihya alitumia kama hoja ya uhalali wake hadithi ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume siku ya sikukuu, Bibi Aisha akitazama kwa ridhaa ya Mtume mwenyewe. Mikuki ilikuwa ya kweli, na bado mchezo haukuwa uovu, kwani uliwaburudisha waliokuwapo, ukaonyesha ustadi, wala haukukusudia kumdhalilisha yeyote. Kipimo kinachopatikana humo ni cha nia, mpaka na matokeo, na ni bora kuliko kipimo cha kuhesabu silaha au matone ya damu.

Kwa kipimo hicho, mchezo wa video unaostahili lawama kubwa kuliko NHLPA Hockey '93 ni Blades of Steel, uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Konami mwaka 1987, ingawa picha zake zilikuwa za kitoto na watoto wengi waliruhusiwa kuucheza bila wasiwasi. Ndani yake, wachezaji wawili wanapokabiliana, skrini huwaleta karibu, nao hurushiana makonde hadi mmoja aanguke, kisha mwamuzi humwadhibu aliyeshindwa peke yake huku mshindi akibaki uwanjani na timu yake ikiwa na mtu mmoja zaidi. Hapo ukatili umevuka mpaka wa kuonyeshwa ukawa sheria: mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na aliyepigwa ndiye mkosaji. Mafunzo ya mchezo hukaa katika kanuni zake, hata zile ambazo hakuna aliyezikusudia, kwani katika NHL '94 ya Sega dosari ya programu iliwafanya wachezaji wepesi kuwaangusha wazito kwa kikumbo, na wachezaji hodari wakajifunza upesi kuwathamini wembamba. Mtoto hujifunza kile ambacho mchezo unamlipa, na kwa sababu hiyo mzazi au mwalimu anayetaka kuupima mchezo atazame kwanza nani anatuzwa na nani anaadhibiwa, kabla hajatazama rangi nyekundu kwenye skrini.

Uamuzi wa ligi mwaka 1993 ulikuwa sahihi kwa skrini. Kasoro yake kubwa ni kwamba uliishia kwenye skrini. Kumsitiri mtoto asione picha ya tendo ambalo mtu mzima analipwa ili alitende ni kuilinda sura ya biashara na kuuacha mwili wa binadamu bila ulinzi. Derek Boogaard, mbabe wa Minnesota Wild na baadaye New York Rangers, alifariki Mei 2011 akiwa na umri wa miaka 28 kutokana na mchanganyiko wa pombe na dawa za maumivu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliouchunguza ubongo wake walikuta ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Adhabu ya dakika 5 bado imo katika kitabu cha kanuni cha NHL, na wenye mamlaka ya kuibadilisha ni ligi na chama cha wachezaji, walewale ambao leseni zao zilitosha kuifuta ngumi ya kuchorwa.