YATIMA NA MAKAO YAKE

Kila uingiapo mwezi mtukufu wa Ramadhani, nyumba za mayatima katika miji yetu ya pwani hujaa wageni. Huyu aleta tende, yule mchele, na mwengine nguo za Idi. Hiyo ni kheri, wala hatumzuii mtu kheri. Lakini Idi ikisha, wageni huenda zao, na mtoto hubaki na swali lake: Je, mimi ni wa nani?

Ndugu zetu Waislamu! Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa hali babake amekwisha kufa. Akafiwa na mamake yapata umri wa miaka 6, na babu yake alipokuwa wa miaka 8. Ndipo ami yake, Abu Talib, akamtia nyumbani mwake, naye alikuwa mtu wa watoto wengi na mali chache. Katika Surat Dhuhaa Mwenyezi Mungu amemkumbusha Mtume wake neema hiyo ya kupewa makao, kisha akamkataza kumwonea yatima.

Yatima katika sheria yetu ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Basi aghlabu mamake yu hai, na ami zake wahai. Kilichomtoa kwao ni ufakiri: mama ameshindwa na kodi ya chumba, na jamaa wamenyamaza. Lau mchele ule tungaliupeleka kwa mama huyo kila mwezi, mtoto angalilala kwao.

Ama asiyekuwa na mtu, dini imetuwekea kafala: kumlea mtoto, kumlisha na kumsomesha, pasina kumbadilisha nasaba yake, kama tulivyoamrishwa katika Surat Ahzab. Hata Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala kwa jina lake hilo hilo. Udhuru gani basi umetubakilia?

Wala hatusemi nyumba hizo zifungwe leo, kwani wako watoto wasio na pengine pa kusitirika. Bali wasimamizi na wamche Mungu katika mali ya yatima. Nasi tuwazuru watoto hao hata baada ya Idi, tujue wanalalaje, wanasoma nini, na wakiugua nani huwauguza.

Kila mmoja wetu na autazame ukoo wake usiku huu: ni mtoto gani wa ndugu yake anayelelewa na wageni? Huyo ndiye wa kwanza kuulizwa naye.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.